Gawa kwa Kumi

Baba hakuacha wosia. Aliacha utepe wa karatasi
kwenye kifuniko cha kopo la kahawa,
na juu yake, kwa kalamu ya seremala:
GAWA KWA KUMI.

Gereji yetu iko Savukoski, nyuma ya sauna.
Asubuhi hiyo kipimajoto kilisoma thelathini na moja chini ya sifuri.
Kaka yangu Tarmo alikuja kuchukua gari la marehemu,
Volvo ya kijivu, alichukue arudi zake Oulu
kabla hatujaulizana lolote.
Akazungusha ufunguo. Gari likakohoa mara moja,
kikohozi cha mtu asiyetaka kuamshwa,
likanyamaza.

"Lete chaja," akasema. "Ile kubwa."

Ile kubwa ni ya trekta. Ampea arobaini,
magurudumu mawili, mngurumo wa nyuki waliochokozwa.
Nikamwonyesha rafu:
betri ndogo ya pikipiki ya theluji, ampea-saa kumi na nane,
imevimba mbavu hata haisimami wima.
Unaikumbuka? Ulikuwa na miaka kumi na saba,
dansi ilikuwa saa mbili usiku,
ukaisukumia ampea ishirini
tumbo la kumeza mbili.
Gereji ikanuka mayai viza mpaka Pasaka.
Na Baba hakukupiga. Aliiweka pale,
usawa wa macho yako.

Tarmo akacheka kwa pua.

Kwanza tuliibeba ndani, maana betri iliyoganda haichajiwi.
Tukailaza juu ya gazeti kuukuu, chumba cha kuvulia nguo,
tukaingoja iache kuuma vidole.
Saa tatu nzima. Neno lake moja: "Kahawa?"
Langu moja: "Ipo."

Kisha hesabu. Ubavuni imeandikwa sabini.
Gawa kwa kumi: saba.
Chaja ndogo ina vituo vitatu tu:
mbili, sita, kumi na tano.
"Kumi na tano," akasema, "nifike kabla ya giza."
Giza! Desemba hii, saa nane mchana
giza limeshavuta kiti, limekaa mezani nasi.
"Sita," nikasema. "Pungufu haiui."

Chekundu kwenye chanya, cheusi kwenye hasi,
dirisha wazi kidogo, ile hewa isiyopenda cheche ipate pa kutokea,
umeme mwisho.
Sindano ikainuka, ikatafuta, ikatulia.
Sabini kwa sita: saa kumi na mbili kasoro,
na uongeze ushuru,
kwani betri hula zaidi ya inachotunza.
Tarmo akahesabu kwa vidole,
vidole vikamfikisha asubuhi.
Akavua viatu.

Ningependa kusema tulizungumza usiku kucha. La.
Aliosha sufuria ambayo haikuwa chafu.
Akauliza kama Baba aliteseka.
Nikasema, "Siku mbili."
Akauliza kwa nini sikupiga simu siku ya kwanza.
Nikasema, "Nilipiga."
Baadaye sana, nikidhani amelala,
akasema kuelekea ukutani, "Nilikuwa naiona ikiita."

Sikuwa na jibu la ukubwa huo.
Nikavaa koti, nikaenda kuangalia sindano.
Ilikuwa imeshuka kwenye tatu.
Saa kumi alfajiri ilikuwa moja na nusu,
ikinywa sasa kwa midomo tu.

Kulipokucha, kama huko kunaitwa kucha,
tuliirudisha mahali pake, tukakaza nati.
Gari likawaka bila kubembelezwa.
Tarmo akaliacha linguruma uani, moshi mweupe, mlango wazi,
akarudi gereji. Nikadhani kasahau glavu.

Alikuwa amesimama mbele ya rafu,
kiganja juu ya ule ubavu uliovimba.

"Hii," akasema, "usiitupe."