Chini ya Meza ya Zihalirwa

Viatu ni vya watu. Kinachoanguka ni changu.
Ndiyo mapatano yetu, mimi na fundi Zihalirwa,
katika kibanda chake cha mabati, Kadutu, juu ya soko:
mwanagenzi halipwi, lakini jioni akimaliza kufagia
achague atakacho kwenye takataka.

Nilifagia mwezi mzima kabla sijajua kuchagua.
Vipande vyembamba kama ulimi wa mbuzi,
pembe tatu zisizo na kazi,
ngozi nyekundu ya mkoba wa bibi fulani wa Nguba,
nyeusi ya viatu vya shule, kaidi,
na moja ya kahawia, sijui ya mnyama gani,
niliyoiweka shavuni kabla ya kuiweka mfukoni.

Kazi ya kwanza: kishikio cha ufunguo.
Kipande kimoja, tundu moja, mishono kumi na miwili.
Msharasi ukapita ngozi, ukapita na kidole.
Fundi akautazama mshono unavyoyumba:
"Huu umekunywa kasiksi."
Sawa. Lakini kule Cimpunda, kwenye kufuli letu bovu,
ufunguo sasa una mkia.

Kazi ya pili, alama ya kitabu cha hesabu cha Cito.
Aliitafuna.

Ya tatu, kipochi cha pesa. Nilikata vizuri,
nikapaka uzi nta, nikashona kwa sindano mbili
zinazopishana kama watu kwenye ngazi,
nikashona, nikashona, nikafunga fundo
nikakuta nimeshona pande zote nne.
Zihalirwa alicheka mpaka akakohoa misumari.
"Pesa haiingii humo, Nabintu.
Ila na kutoka, haitatoka."

Mama hubeba mizigo.
Alfajiri huteremka Muhanzi, mitumbwi inaposhusha,
hupanda na unga, hupanda na makala,
gunia mgongoni, na kamba yake, mugozi,
imezunguka gunia ikaja kukaa kwenye paji la uso.
Pale pana mfereji.
Nilipokuwa mdogo nilidhani
akina mama wote huzaliwa nao.

Vipande vitano, basi.
Nyeusi nje, ipambane na kamba.
Nyekundu pembeni, kwa sababu ninaipenda.
Katikati nilijaza vumbi la ngozi na kitambaa,
na ile ya kahawia, ile ya shavu,
nikaigeuza ndani, ielekee ngozi ya mtu.
Siku ile fundi hakusema neno.
Alisogeza taa tu.

Mama aliipindua, akainusa.
"Inanuka kwato."
Akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.
Jumatatu ipo. Jumanne ipo.
Jumatano mvua, ipo.
Alhamisi nilifungua macho, msumari uko mtupu.

Sikumwuliza. Hakuniambia.
Ila wiki ile ilipokwisha ngozi ya kahawia ilikuwa imeiva jasho,
imebonyea katikati,
na ukiiweka mezani yenyewe, bila kichwa,
unamtambua mwenyewe.

Kisha akaja Nsimire.
Kisha Cibalonza, na wengine wawili nisiowajua,
wamesimama mlangoni, kamba mkononi,
hawaulizi bei, hawaulizi jina,
wanagusa paji la uso na kungoja.
Nikatazama chini ya meza.
Vipande vya vidole. Vya kucha.
Fundi Zihalirwa hukata kwa ubahili, mji mzima unajua:
upana wa njiti ya kiberiti humgombanisha na mteja,
kutoka ngozi ya viatu vinne hutoa vitano.
Nikawaambia warudi, sijui lini.

Siku hizi ninafagia, ninaokota
vipande vikubwa kama kiganja, vilivyonyooka,
vingine tayari vimekatwa mviringo.
"Macho yangu," analalamika, "yameanza kunikimbia.
Angalia hasara hii."
Kisha anachukua uzi, kwenye giza la saa kumi na mbili,
bila taa, bila kukunja uso,
anaupitisha tundu la sindano
mara moja.