Kucha

Ukutani mwa kanisa letu pale Muyeye
mtu aliandika kwa rangi ya buluu: MCHE MUNGU.
Nami nina miaka minane, Kiswahili bado kinanichenga,
nikauliza mche huo wa Mungu umepandwa wapi,
mbona siuoni, na nani anaumwagilia?
Mwalimu Luvuno alicheka hadi akavua miwani.
Jibu hakunipa.

Nilibatizwa na miaka kumi na sita
mtoni Sabaki, mvua za bara zimeshuka,
maji mazito, mekundu, kama uji wa wimbi.
Niseme kweli, uongo nimechoka kuubeba:
mchungaji aliposema kwa jina la Baba
macho yangu yalikuwa ng'ambo, kwa kiboko,
masikio mawili tu juu ya maji.
Kwa jina la Mwana, masikio yakazama.
La Roho Mtakatifu sikulisikia.
Nikatoka mbio, kanzu imenigandama,
kina mama wakapiga vigelegele:
mtazameni alivyoguswa!

Nami nikaamini kwamba nimeguswa.

Leo ni mwaka wa ishirini na tatu
na mimi ndiye mfuaji wa kanzu za ubatizo.
Ziko kumi na moja; moja haina kifungo cha shingoni.
Fondo huzileta kwa mkokoteni
ndani ya gunia la chumvi la Gongoni,
zilikwenda nyeupe, zimerudi rangi ya matofali.
Nimejaribu sabuni ya kipande, magadi, ndimu,
jua la saa saba juu ya uzio wa makuti.
Udongo wa Sabaki hautoki wote.
Hubaki pindoni, kama chai iliyomwagika
kwenye kitambaa cha meza ya wageni.

Mchungaji Kahindi, kijana, anajenga tangi la vigae
nyuma ya kanisa. Maji ya bomba, yenye dawa.
Akaniuliza, "Mama Eunisi, kanzu zitakaa nyeupe sasa?"
Nikasema zitakaa.

Jumamosi ile, kabla ya Pasaka,
alibatizwa Kalume wa Nzai,
aliyeniuzia mbuzi wa wenyewe
nikalala kituoni siku mbili, na mtoto mgongoni.
Maji ya bomba kwetu huja saa nane za usiku.
Nikawasha taa, nikapindua gunia,
nikaanza kuitafuta kanzu yake.
Nilitaka niitenge. Niifue mwisho,
kwa maji machafu ya wenzake,
au nisiifue.

Nikazigeuza moja moja, nikazinusa.
Hii ya binti wa shemasi? Hii ya nani?
Zote zina tope lile lile, zote zina harufu ya mto.
Ile isiyo na kifungo niliivaa mimi,
mwaka ule wa kiboko,
nayo sikuweza kuapa kwamba si yeye aliyeivaa jana.

Nikakaa chini, sakafuni, katikati ya kanzu.
Hapakuwa na sauti. Bomba lilikuwa linatiririka tu
na ndoo ikajaa, ikamwagika, sikuifunga.
Niliogopa, wala hapakuwa na mnyama.
Niliogopa, wala sikutaka kukimbia.

Kisha nikafua. Zote, kwa mikono ile ile,
usiku kucha, mpaka kukakucha,
na kucha zangu kumi zimejaa wekundu.
Lugha hii nayo ina mambo yake:
alfajiri, na ncha ya kidole,
na kupiga magoti,
mlango wao mmoja.

Kwenye Meza ya Bwana Kalume alikuwa mbele yangu,
shingo imekatwa nywele vibaya, inatetemeka.
Nilipofika nikanyoosha mkono kupokea mkate.
Ningeweza kukunja vidole. Sikukunja.
Udongo ulikuwa pale pale, chini ya kucha,
kidogo tu, Mwalimu Luvuno,
lakini mche ulioanza kuchipua
hauhitaji shamba.

Vigae vya tangi vimefika, vya samawati.
Kile kifungo bado sijakipata.