Saba Mara Nane

Saa tisa ya usiku, Punta Arenas,
upepo ukigonga mabati kama mtu anayedai,
Yasna aliingia akimsukuma mamake kwenye kiti cha magurudumu.
"Kama mlevi," alisema, "na hajanywa kitu."
Kisha akajirekebisha: "Maji tu. Ndoo nzima."

Bi Eduvina Oyarzún, mwalimu wa hesabu, mstaafu,
aliniita Ramiro, jina la marehemu mumewe.
Nikamuuliza huu ni mwezi gani. "Saba mara nane."
Nikamuuliza saba mara nane ni ngapi.
Akanyamaza,
akautazama mkono wake kama ubao uliofutwa.

Zamu iliyotoka ilikwisha kuandika: uzee; labda mkojo mchafu.
Nami ningesaini. Kalamu nilikuwa nayo.
Ila ulimi wake ulikuwa mkavu, umepasuka kama gome.
"Choo je?"
"Siku tisa hajapata."
"Maumivu?"
"Mgongo, tangu Pasaka. Tukasema ni kubeba kuni."

Kiu, choo, mgongo, akili:
wageni wanne, kila mmoja na mlango wake,
kumbe baba yao mmoja.

Nikatoa damu. Nikambandika nyaya kifuani,
mapigo yakajichora mafupi, yamebanwa,
kama sentensi ya mtu mwenye hofu.
Maabara hawakungoja karatasi, walipiga simu:
kalsiamu, kumi na tano nukta mbili.

Ni mifupa basi.
Kuna kitu kimeketi ubohoni, kinatafuna,
na unga wake unamwagikia damuni.
Miaka arobaini alivuta vumbi la chaki;
sasa chaki ni yeye,
anaandika mwilini mwake mwenyewe asichoweza kusoma.

Maji ya chumvi, lita baada ya lita,
sikio langu likiwa mapafuni yasije yakafurika.
Sindano ya kununua usiku mmoja.
Na ile dawa ya kuifunga mifupa mdomo,
ambayo haina haraka, hutaka siku mbili, tatu.
"Atapona?" Yasna aliuliza.
Nikajibu la usiku ule tu: "Atarudi."
Ugonjwa wenyewe ulikuwa haujapata jina,
na nani angeubatiza alfajiri, mbele ya binti mwenye viatu visivyolingana?

Siku ya tatu nilipita wodini.
Alikuwa ameketi, amevaa miwani,
akanitazama kama mwanafunzi aliyechelewa.
"Hamsini na sita," alisema.

Nikavuta kiti.
Jina lilikuwa tayari, kwenye karatasi, mfukoni mwangu.