Tundu Kumi na Mbili

Kola ilikula mita sita za shuka jeupe.
Nikaichovya katika wanga wa muhogo,
nikaipinda mawimbi-mawimbi
kwa spoki ya baiskeli iliyotoka makaani.
Nusu ya Mbale ilinusa nilipounguza.

Mwalimu Nabifo alileta picha: mabwana wa Ulaya ya kale,
miguu ya korongo, kichwa juu ya sahani.
"Hakuna zipu," akasema. "Hakuna mpira. Kamba tu."
Na hiki kifuko cha mbele?
Akatazama dirishani. "Pamba kidogo, Khaukha.
Wazazi watakuwepo."

Basi nikatoboa tundu, kumi na mbili kwenye koti,
kumi na mbili kwenye suruali,
kila moja nikaizungushia uzi
kama jicho linalotiwa wanja.
Ncha za kamba nikazivika bati la kopo la soda,
nikaligonga kwa nyundo ya jirani mshona viatu
mpaka kamba ikapenya bila kulambwa.

Usiku wa mchezo, nyuma ya pazia,
Wamono kasimama, mikono mbali na mwili.
Mwanangu. Tangu Pasaka hatujasemezana,
kisa ni karo, na mengine sisemi.
Lakini tundu za mgongoni mtu hazifikii.
Mabwana wale walivaaje peke yao?
Hawakuvaa peke yao.

Nikaanza kiunoni, fundo la kitanzi,
la kufunguka kwa mvuto mmoja.
La tano, akashusha pumzi.
"Inabana?"
"Hapana. Kaza."

Nikakaza. Yakabaki saba.