Shoto

Saa kumi na mbili kasorobo, Aveiro haijaamka,
ukungu umelala juu ya mifereji kama shuka lisilokunjwa,
nami nafungua mlango wa nyuma wa kiwanda
kwa ufunguo ambao Baltasar mlinzi hujifanya hajui kuwa ninao.

Nina dakika ishirini kabla ya king'ora.
Nachukua kigae kimoja kutoka pipa la kasoro,
kilichopinda, kilichomeguka pembe,
kile ambacho hakuna mtalii atakayekilipia.
Kimoja tu. Kila siku. Hata siku ya mafua.

Miaka ishirini na tisa nimechora jogoo yuleyule,
ua lilelile la petali nane, bluu juu ya nyeupe,
jogoo elfu na elfu, wote wanatazama kulia,
hakuna hata mmoja aliyewahi kuwika.
Jikoni Lisbon, bafuni Paris, kwenye kuta nisizozijua,
wao wapo na jina langu halipo.
Sikulalamika. Mshahara ulikuja, watoto walisoma.
Ila jioni moja, nikiosha sahani,
nilijiuliza ningechora nini kama ningeachwa nichore,
maji yakaendelea kutiririka
na jibu sikulipata.

Ndipo nikaanza.
Kigae cha kwanza: jogoo.
Cha pili: jogoo.
Cha tano nilikusudia uso wa mama,
brashi ikamwotesha kilemba na mkia.
Nilicheka peke yangu mle ndani,
kisha kicheko kikanigeukia.

Wiki ya tisa, Novemba, baridi ya kung'ata mifupa,
kidole gumba cha kulia kikavimba.
Nikashika brashi kwa kushoto,
shingo upande, kama mtu anayemwomba jirani chumvi
baada ya kununiana miaka hamsini.

Mkono wangu wa kushoto, nilikusahau.
Ulikuwa wa kubebea ndoo,
wa kushikia kigae kisiteleze,
mtumishi wa ndugu yako.
Husemwa, mkono usioweza kuukata, ubusu.
Sista Perpétua hakukukata, wala hakukubusu;
alikufunga kwenye kiti kwa utepe wa zambarau,
nami nina miaka saba, naandika jina langu, Felismina,
kwa mkono wa mtu mwingine.

Mstari wa kwanza ulitetemeka.
Ulipanda, ukateleza,
ukarudi kama anayetafuta kitu alichoangusha.
Haukuwa mzuri. Naapa haukuwa mzuri.
Lakini ulikuwa unakwenda mahali,
nami nyuma yake nimebana pumzi,
kama anayemfuata paka gizani ajue anakolala.

Tangu hapo, kila alfajiri, shoto.
Viatu vya baba, vyeupe kwa chumvi ya mashamba alikoichota.
Dirisha la shule.
Utepe, mara nne, na mara ya nne umefunguka.
Ndege asiyejulikana ni ndege gani, anatazama anakotaka.
Kuna siku hakuna kinachokuja,
nachora mistari mitupu, natia tanurini hivyohivyo.
Kuna vilivyopasuka. Kimoja nilikipasua mwenyewe
nikajuta kabla hakijafika sakafuni.
Halafu king'ora hulia, brashi huhamia kulia,
na majogoo hujipanga foleni.

Nimevibandika ushorobani kwangu bila mpango,
hadi nyuma ya mlango wa choo.
Juzi Idalina wa ghorofa ya pili alikuja kuazima ngazi,
akasimama nayo begani, akatazama, akatazama tena.
"Mtoto gani amechora haya?"

"Ana miaka saba," nikasema.
"Ana shoto."

Akasema usijali, atazoea, wengine hukawia.
Nikamfungulia mlango apite na ngazi yake.
Kwa mkono upi, sikumbuki.