Miguu Elfu Moja Mia Tatu Thelathini na Mmoja

Hesabu ya kahawa ya Uru ilizimika Jumanne saa nne,
umeme uliporudi na hasira,
na karani Ndewirwa akaileta kompyuta kwangu, Mtaa wa Rengua,
imefungwa khanga kama mgonjwa wa kupelekwa KCMC.
"Wakulima wanalipwa Ijumaa," akasema.
Hakuongeza. Hakuketi.

Nikafungua. Vumbi la miaka sita, na mende mmoja mkavu.
Ubao umeungua pembeni, unanuka maharage yaliyoshika chini.
Prosesa nzima. Diski nzima.
Ila ubao wa kuilaza prosesa ile sina,
na jamaa wa Arusha anataka bei ya ng'ombe.

Ng'ambo ya barabara yuko Kirita.

Mwaka tisini na saba tulikuwa wanagenzi wa fundi mmoja,
mimi na Kirita, mtori wetu bakuli moja,
na prosesa za siku zile nazo zilikula pamoja:
soketi moja, mraba wa plastiki nyeupe,
leo unalaza ya kampuni hii, kesho ya hasimu wake,
unahamisha kijumpa, unawasha, inaitika.
Tukadhani dunia itakaa hivyo.

Kisha kila kampuni ikajenga kwake.
Ya kwangu ikakatwa miguu; miiba ikahamia kitandani.
Ya Kirita ikabaki na miguu,
elfu moja mia tatu thelathini na mmoja,
myembamba kuliko ndevu za panya.
Nasi tukagawana mtaa kama watani wa jadi.
Yeye akaandika mlangoni: KASI JUU, BEI CHINI.
Mimi nikaandika: HAIPATI JOTO.
Uongo. Zote hupata joto.
Mteja akija kwangu na sanduku la upande ule
nilimwambia vipuri vyake hadi Nairobi.
Naye, naambiwa, duka langu aliliita makumbusho.
Miaka kumi na moja tukisalimiana kwa nyusi.

Watu wa mlima huu tunajua kinyume chake:
Mmachame na Mrombo watalala chumba kimoja,
asubuhi wasielewane salamu, wakimbilie Kiswahili.
Prosesa hizi kitanda kimoja haziwezi,
lakini iambie yoyote: jumlisha, hamisha, linganisha, ruka,
itafanya, kwa maneno yaleyale,
maana moja iliazima lugha kwa mwenzake,
na namba zilipokuwa ndefu kuliko nyumba,
mwenzake naye akarudi kuazima.
Hilo hakuna aliyeliandika mlangoni.

Nikavuka. Diski mkononi, ndani ya soksi.
Kirita ameinamia taa, jasho puani.
Kijana wake kaangusha prosesa, miguu saba imepinda,
na macho ya Kirita, nikaona, hayashiki tena cha karibu.
Hata nyusi hatukunyanyua. Nikavuta stuli.
Nikaomba sindano ya kushonea,
nikainyoosha mmoja mmoja, pumzi nimeibana,
kama anayechambua mchele wa harusi asiyoalikwa.
Wa saba ulikuwa konani. Ulitaka kukatika.
Haukukatika.

Ikazama mahali pake bila kusukumwa.
Akapaka grisi, akafunga feni, akachomeka diski yangu
(ya Uru, nasema, si yangu).
Skrini nyeusi.
Skrini nyeusi.
"Inatafuta vifaa," akasema,
neno lake la kwanza kwangu tangu msiba wa fundi wetu.

Saa tisa na robo majina yakaanza kushuka:
Aikaruwa, kilo arobaini na mbili.
Ndetaulwa, kumi na tisa na nusu.
Mjane wa Kisanga, kilo sita, deni la mbolea limekatwa.
Ndewirwa, aliyekuwa amenifuata bila mimi kujua,
akasoma hadi mwisho kwa kidole, ndipo akaketi.

Kirita akatoa kitabu cha risiti. Akasita penye jina la duka.
"Niandike lako au langu?"
Nikamwambia aanze na bei.