Hisa Elfu Tano

Asubuhi ile Timmins, baridi ya kung'ata masikio,
Fernande Gaudreault aliuza hisa elfu tano
apate tairi mbili za theluji.
Mnunuzi alikuwa mmoja tu, na mkono mzito:
senti kumi na mbili ikawa nane.

Basi. Hakuna kingine kilichotokea.
Keekee iliendelea kuzunguka msituni,
mwamba umelala na dhahabu yake,
au bila.

Adhuhuri, mgahawani,
Urho Kallio, mwenye hisa laki tatu,
alikuwa amepungukiwa dola elfu kumi na mbili
bila kuinuka kitini.
"Kuna mtu anajua kitu," alisema.
Wakanong'ona: mashimo matupu,
mkurugenzi kafunga virago.
Fernande akakoroga chai iliyokwisha korogeka.

Saa tisa, daktari wa meno wa Sudbury,
kati ya mgonjwa na mgonjwa,
akanunua elfu moja kwa senti kumi na tatu.
Urho akaagiza keki, akawalipia wote.

"Lisemwalo lipo," akasema, mdomo umejaa.
Lilikuwepo kweli:
nje, ndani ya buti ya gari,
mbili, nyeusi, zinanuka mpira mpya.